Nyanya za Bi Mwanahawa

Zuhura alinipigia simu asubuhi nikiwa nafungua banda la kuku, hapa Isikizya ninakoishi tangu nistaafu. Akaniamkia, "Shikamoo kaka Maganga," nikaitikia marahaba, kisha akanyamaza. Mtu wa umri wangu anaujua ukimya wa namna hiyo. Nikamuuliza ni lini. Akasema alfajiri, mama amekwenda usingizini, hakusumbua mtu. Nikamwambia hilo la kutosumbua mtu silo la mama yako, na upande wa pili nikasikia kitu ambacho sikujua kama ni kicheko au kilio. Akaniambia maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Mdogo wake Ramadhani, aliyekuja kutoka Dar es Salaam kumuuguza mama yao, amesema hataki mambo ya utani msibani. "Nimekwambia ili usije ukashtuka," akasema. "Lakini mama alikuwa anakutegemea." Nikakata simu nikavaa shati la kanisani, nikachukua kapu, nikatoka kwenda kutafuta gari la Tabora mjini.

Ramadhani si mtu mbaya. Ni mtu wa ofisi, amezoea misiba ya viti vya kukodi na mtu wa kipaza sauti anayetangaza nani akae wapi, na anaona aibu mzee mzima akijigalagaza mbele ya jeneza la mama yake. Lakini mimi ni Mnyamwezi na mama yake alikuwa Mzaramo, na jambo hilo halikuanza na sisi. Wazee wanasema utani wetu ulianzia njiani, enzi za misafara, Wanyamwezi waliposhuka pwani na meno ya tembo mabegani, wakafika wamechoka, wana njaa, hawana ndugu, na Wazaramo wenyeji wakawapokea kwa matusi na kwa chakula. Tangu hapo tunatukanana bila kukasirikiana, tunanyang'anyana vitu bila kushtakiana, na mmoja akifa, mtani wake ana kazi msibani. Atamwiga marehemu, atamsema, atazuia jeneza lisipite mpaka waliofiwa wamjibu. Anayezikwa bila mtani amezikwa kama mpita njia. Bi Mwanahawa alinipa kazi hiyo kwa mdomo wake nikiwa kijana, naye akiwa mzima wa afya, na niliikubali upesi kwa sababu mwaka ule niliamini kwamba kati yetu wawili mimi ndiye nitakayetangulia.

Mwaka ninaousema ni ule nilioambiwa kwamba sitaendesha treni. Nilikuwa nimeshafanya kazi reli kwa muda kama msaidizi, nikisafisha injini, nikipanda na madereva hadi Kaliua na kurudi, nikijua ni wapi mlima unaanza kuivuta injini na ni wapi dereva mzuri anaiachia breki ijipumzikie. Nilibakiza uchunguzi wa afya tu, ambao sote tuliuona kama kugongewa muhuri. Daktari akapima mapigo ya moyo, akapima masikio, akanisomesha herufi za ukutani nikazisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Kisha akafungua kitabu chenye kurasa zilizojaa madoadoa, akaniambia nisome namba. Nikatazama. Niliona mtama uliomwagika. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine, nami nikamtazama usoni nikidhani ananitania. Nyuma yangu alisimama Severini, mwenzangu tuliyeanza naye kazi, na nikamsikia ananong'ona zile namba ili kunisaidia, na hapo ndipo nilipojua kwamba namba zilikuwepo.

Daktari alifunga kitabu taratibu. Akaniambia macho yangu hayatenganishi nyekundu na kijani, nimezaliwa hivyo, haina dawa wala si kosa la mtu. Nikamwambia mbona nimekuwa nikiziona taa za njiani wakati wote huo. Akasema nilikuwa naona kwamba zinawaka, rangi zake alikuwa anaziona dereva niliyepanda naye. Alisema kwa upole, na upole ule niliuchukia kuliko ambavyo ningechukia kufukuzwa. Siku hiyohiyo nikaambiwa kuna nafasi kwenye ghala la mizigo, kupakia na kupakua mabehewa. Yaani mpagazi. Nilisema nitafikiri, nikatoka nje kwenye jua, nikashindwa kukumbuka nilikuwa nakaa wapi. Hilo si neno la kupamba hadithi. Nilisimama pale mpaka Severini akatoka, akanishika mkono, akanipeleka nyumbani.

Nyumbani palikuwa Ng'ambo, chumba cha kupanga katika nyumba ya Bi Mwanahawa, nyumba ya Kiswahili ya vyumba vinavyotazamana na ukumbi katikati na ua nyuma. Chumbani nilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na msumari ukutani nilipotundika ovaroli yangu ya kazi. Ilinuka mafuta ya injini na sikuthubutu kuifua. Dirisha la mbao lilitazama upande wa stesheni. Nilianza kulala mchana, kwanza kwa uchovu, baadaye kwa kuwakimbia watu, maana kila aliyenijia alinikalia kitandani akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilitamani kuwauliza kama wamewahi kumwona mhunzi aliyekatika mkono. Lakini wao niliweza kuwafungia mlango. Honi sikuweza. Kila dereva ana mkono wake wa kupiga honi, na mimi nilikuwa nawajua wote; nikilala pale nilijua nani anaingia kutoka Kigoma, nani anatoka kwenda Mpanda. Siku moja nikasikia honi ngeni, fupi, yenye woga. Nikajua ni Severini. Nikageukia ukutani, nikakaa hivyo mpaka jioni.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo nilichokosa kukiona nilikisikia. Mwalimu na mkewe chumba cha kulia waligombana kila siku juu ya chumvi, yeye akisema imezidi, mkewe akisema ulimi wake ndio ulioharibika kwa chaki. Fundi cherehani chumba cha kushoto alikuwa na redio, na kila mchana ilisoma matangazo ya vifo, majina ya watu wa mbali ambao jamaa zao wa mbali zaidi waliombwa wapokee habari. Nilizoea kuyasubiri. Nilikuwa nasikiliza kama kuna wa umri wangu. Na nilisikia nikisemwa mimi mwenyewe uani, wanawake wakisema yule kijana hali, yule kijana amelogwa na wenzake wa kazini. Bi Mwanahawa akajibu kwa sauti yake ile ya puani, ya kuvuta maneno, kwamba kama amelogwa basi mchawi huyo hana shughuli, angetafuta mtu mwenye mali. Wakacheka. Nami nililala pale nikiwa na hasira ya kuchekwa, nikasahau kusikiliza tangazo lililofuata.

Hakuniacha hapo. Kesho yake alisukuma mlango wangu bila kupiga hodi, mwanamke mnene, mfupi, mwenye kanga kiunoni na unga wa muhogo mikononi, akasimama kati ya kitanda na dirisha. Wakati ule watu wote wa nyumba walikuwa wanakwepa hata kutaja rangi mbele yangu. Mke wa mwalimu aliwahi kusema "ile kanga yangu nye..." akajikata kwa aibu. Bi Mwanahawa akaninyanyulia nyanya usoni.

"Mnyamwezi," akasema, "hii imeiva au haijaiva?"

Sikuamini kwamba mtu anaweza kuwa mkatili kiasi hicho. Nikamwambia sijui. Akasema basi amka ukajue. Akanitupia kapu juu ya miguu, akaendelea kunisema: babu zangu walitembea kutoka hapa mpaka Bagamoyo na pembe mabegani, jua kali, simba njiani, hawakulia, na mimi, kwa kukatazwa kiti tu cha kukaa, nimelala kama mzazi. Niende sokoni nikamletee nyanya mbivu. Nilinyanyuka kwa hasira tu, nikaenda, nikachagua kwa macho yangu haya, nikarudi. Alizimwaga kwenye ungo mbele ya wanawake wote, akazigeuza moja moja. Binti yake Zuhura, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka shuleni, akaziba mdomo kwa mkono. Bi Mwanahawa akanitazama. "Haijaiva hata moja," akasema. "Rudi sokoni." Nikarudi.

Ndivyo ulivyopita mwaka ule. Asubuhi nilikwenda sokoni, nikarudishwa, nikaenda tena. Kisha nikaketi uani juu ya mbuzi nikamkunia nazi, mwanamume mzima na ndevu zangu, na wapita njia wakichungulia mlangoni wakanicheka. Nazi zilimfikia kwa magunia kutoka pwani, kwa treni, na alizipokea kama ndugu waliokuja kumtembelea. Mchicha alitia nazi, maharage alitia nazi, na nilipomwambia kwamba hata maji ya kunywa siku moja atayatia nazi, akaniambia nikale michembe yangu, vile viazi vikavu, na karanga za kwetu, chakula cha watu wenye haraka ya kubeba mizigo. Nilipoona anapika samaki mkavu nilimwambia Mzaramo akinusa samaki anasahau hata jina la mumewe. Alinipiga kwa mwiko begani, akacheka mpaka akakaa chini. Nilimchambulia mchele. Nilimmenyea vitunguu. Nilipimana maneno naye kuanzia chai mpaka magharibi, na jioni nilirudi chumbani mdomo umenichoka, na siku nyingine nililala kweli.

Leo watu wakisikia habari hiyo wanataka niseme kwamba nilipona. Sikupona. Nazi haiponyi mtu, wala utani hauponyi mtu. Nilikuwa nashughulishwa tu, kama mtoto anayepewa kijiko achezee wakati kidonda chake kinaoshwa, na kidonda kilikuwa pale pale. Honi ikilia nikiwa nakuna nazi mkono ulisimama wenyewe, na Bi Mwanahawa aliuona ukisimama, na kila mara alikuwa na tusi tayari. Lakini kitu kimoja nilijifunza katika safari zile za bure za sokoni. Nilijifunza nyanya. Macho hayakunisaidia, nikaanza kuzibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo na kuzinusa, na taratibu kapu langu likaanza kurudishwa nusu badala ya lote. Hakunisifu. Alisema hata mbuzi anajua majani kwa pua.

Siku moja tukiwa tunachambua mchele aliniambia, bila kuinua macho kwenye ungo, kwamba akifa mimi ndiye nitakayemsema msibani. Alisema watoto wake watamlilia, hiyo ni kazi yao. Lakini watani wake wengine pale mjini ni wazee na mimi ndiye nitakayebaki. "Usije na sura ya kanisani," akasema. "Ukinyamaza siku hiyo nitajua kwamba hukuwahi kunijua." Nikamjibu kwamba nitalizuia jeneza mpaka harufu ya nazi imtoke. Akaridhika.

Msimu wa uyoga, mvua zilipokuwa zimekolea na wanawake wakauza uyoga wa porini barabarani, nilisikia jambo ambalo halikukusudiwa masikio yangu. Nilikuwa chumbani. Bi Mwanahawa alikuwa amekwenda kisomo. Mke wa mwalimu alikuwa anamweleza mpangaji mpya, dada mmoja kutoka Nzega, habari za nyumba, na sauti zao zilipanda juu ya ukuta kama kawaida. Akasema mwenye nyumba ni mjane wa reli. Mumewe alikuwa mtu wa kuunganisha mabehewa katika kituo kimoja huko magharibi. Jioni moja alisimama kati ya mabehewa mawili akainua taa kumsimamisha dereva, na dereva hakusimama. Baadaye dereva alilia akasema yeye aliiona taa ya kijani. Hakuna aliyejua kama alisema kweli, kama kulikuwa na ukungu, kama alikuwa amechoka. Yule dada wa Nzega akauliza, kwa nini basi mama huyu anamkalisha hapa yule kijana mwenye macho mabovu. Mke wa mwalimu akasema hata yeye hajui. Akasema, "Yule naye angeua mume wa mtu."

Sikuwa nimewahi kulifikiri hilo. Mwaka mzima nililia kwa ajili ya kiti changu, injini yangu, jina langu, na haikunijia hata siku moja kwamba mbele ya injini huwa kuna mtu amesimama na taa. Ungedhani habari ile ingenifariji, kwamba daktari yule alimwokoa mtu. Haikunifariji hata kidogo. Niliona nimekuwa nikililia, chini ya paa la mwanamke yule, nipewe nafasi ya kumfanyia mwanamke mwingine alichofanyiwa yeye. Niliona sifai kwa treni, sifai kwa nyumba ile, sifai hata kwa kilio changu mwenyewe. Nilikaa na fikra hiyo siku kadhaa, nikakuna nazi bila kujibu matusi, na Bi Mwanahawa akaacha kunitukana, akawa ananitazama.

Kisha siku moja mchana alinituma nyanya kama kawaida. Nilikwenda sokoni, nikazichagua vizuri, nikalipa. Lakini badala ya kurudi Ng'ambo nikaifuata reli kuelekea magharibi, nje ya mji, mpaka mahali ambapo njia inapinda kidogo na dereva hawezi kuona mbali. Nilipajua, nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikiwa juu ya injini. Nikakaa juu ya chuma, kapu magotini. Sitaki kueleza zaidi nilichokuwa nataka, kila mtu anaelewa. Jua lilikuwa kali na kulikuwa na nyuki kwenye maua ya miti. Baada ya muda chuma kikaanza kutetemeka chini yangu, mbali, kama maji yanayokaribia kuchemka, na honi ikalia, nikamjua aliyeipiga. Alikuwa Severini. Nikafikiri, atakuwa yeye basi. Halafu nikatazama kapu. Nikafikiri mkaa ameshauwasha. Nikafikiri vitunguu vimeshaiva vinasubiri, na yule mwanamke amesimama mlangoni akinitukana mbele ya watu, na nyanya hizi siku hii zimeiva zote, kwa mara ya kwanza, na hakuna atakayejua. Lilikuwa wazo dogo la kijinga, na ndilo lililoninyanyua. Nilisimama pembeni kwenye majani, kapu kifuani, na treni ikapita karibu sana, na Severini akiwa dirishani aliniona, akanipungia mkono kwa furaha. Nami nikampungia.

Nilipofika Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni kweli, lakini hakunitukana. Alitazama suruali yangu. Huku nyuma ilikuwa na mafuta meusi na vumbi la kokoto, na mke wa mtu wa reli hahitaji kuelezwa vumbi lile. Akalichukua kapu mkononi mwangu, akaliweka chini. Uani palikuwa na Zuhura tu, anafanya kazi za shule kwenye kigoda. Bi Mwanahawa akanishika kidevu kama mtu anayemtazama mtoto meno.

"Mume wangu waliniletea ndani ya turubai," akasema. "Nilimwosha mwenyewe, kilichobaki. Usiniletee wa pili, Maganga. Mmoja ananitosha."

Ndiyo mara ya pekee aliyowahi kuniita kwa jina. Nilitaka kumwambia kwamba nimejua, kuhusu ile taa, na nikaanza, nikashindwa, nikalia pale mlangoni na kamasi zikanitoka. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, akaniambia wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mimi Mnyamwezi kwa ujinga wangu nataka kufa vyote viwili. Kisha akainama, akatoa nyanya moja kapuni, akaigeuza juani, akaibonyeza. Zilikuwa zimeiva, nilijua zimeiva, kidole changu hakikuwa kimekosea. Akanitazama.

"Haijaiva," akasema. "Rudi sokoni."

Na mimi nikaenda, nikiwa na suruali ile ile, watu wakinitazama. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa ananipa kitu cha kufanya kwa saa moja ijayo, na kwamba hakuwa na zaidi ya hicho cha kunipa, na kwamba kesho yake alikuwa na saa nyingine ya kunitafutia. Severini hakujua kamwe. Alistaafu akiwa dereva wa kuheshimika, tukikutana ananikumbusha ile siku aliyoniona nimesimama njiani na kapu, anasema nilimtia moyo sana.

Mwisho wa mwaka nilikwenda ghalani nikachukua ile kazi. Sikuipenda siku ile wala siku niliyoiacha. Nilipakia pamba, asali, tumbaku, magunia ya nazi ya Bi Mwanahawa, na vijana wa ghalani walipojua habari zangu waliniita dereva kwa miaka mingi, nami niliitika, maana mtu aliyetukanwa na Mzaramo mwaka mzima hana tena mahali pa kuchomwa. Asubuhi ya kwanza ya kazi nilimpelekea nyanya kabla ya kutoka. Akachukua moja, akaibonyeza, hata akainusa. Nilisubiri kurudishwa. Akasema, "Imeiva. Nenda kabebe mizigo, mpagazi." Akaingia ndani upesi.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani gari liliponishusha Tabora. Nilipita sokoni. Binti aliyekuwa anauza alitaka kunichagulia zilizo nzuri, nikamwambia aniache, nikazibonyeza zote, nikachukua zile ngumu kama mawe. Alinitazama akidhani sioni. Nyumba ya Ng'ambo siku hizi ina dari na madirisha ya vioo, na kuta zimefika juu, mtu akilia chumbani hakuna anayemsikia. Ramadhani alinipokea vizuri, akaniamkia, akanipa mahali pa kukaa na wazee mkekani, kisha akachuchumaa karibu na sikio langu. Akasema ananiheshimu kama baba, lakini kuna wageni wa kazini kwake, ananiomba mambo yale tuyaache. Nikamwambia nimekusikia, mwanangu. Na nilikuwa nimeamua kumtii. Msiba ni wa waliofiwa, mimi ni Mkatoliki katikati ya Waislamu, ni mzee, magoti yananiuma. Nilikaa na kapu langu kati ya miguu nikiwa na sura ya kanisani.

Lakini msiba ule ulikuwa umenyooka mno. Hakuna aliyepaza sauti. Wageni walitazama simu zao, kipaza sauti kikatushukuru kwa utulivu wetu. Walipotoa jeneza chumbani, limefunikwa kitambaa ambacho watu husema ni cha kijani, nilisimama na wenzangu ili kuwapisha, na kupitia ukumbini macho yangu yakafika uani, nikaiona mbuzi ya nazi imeegemezwa ukutani, na kanga yake moja juu ya kamba, imesahauliwa. Nikasikia ile sauti ya puani: nitajua kwamba hukuwahi kunijua. Nikapita katikati ya watu, nikaenda uani, nikajifunga ile kanga kiunoni juu ya suruali, nikabeba mbuzi na kapu, nikazunguka kwa mlango wa ubavuni mpaka mbele ya nyumba, nikaiweka mbuzi juu ya kizingiti, nikaikalia. Mlango ukawa umeziba.

Waliobeba jeneza wakasimama. Ramadhani, akiwa mbele yao, akaniita kwa sauti ya chini, "Mzee Maganga, tafadhali." Sikumjibu, kwa kuwa saa ile sikuwa Mzee Maganga. Nilitoa nyanya moja kapuni, nikainyanyua mbele ya uso wake, nikavuta maneno kwa pua kama alivyokuwa akiyavuta mama yake.

"Mnyamwezi, hii imeiva au haijaiva?"

Vijana walinitazama kama mzee aliyerukwa na akili. Imamu alitazama chini, yeye aliujua utani. Nikauliza tena, na mara hii sauti yangu ilikatika katikati, maana niliona kosa langu: Mnyamwezi wa kujibu swali lile nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekaa mahali pa mwenye kuuliza, na mwenye kuuliza alikuwa ndani ya jeneza. Nikabaki nimeinyanyua ile nyanya.

"Imeiva, kaka Maganga." Alikuwa Zuhura, nyuma ya jeneza, katikati ya wanawake waliojaa ukumbini, kichwa chake sasa kina mvi. "Imeiva. Mpishe mama apite."

Mwanamke mmoja akacheka, mtu mzima, wa rika la zamani. Akafuata mwingine. Kicheko kile kikapita ukumbini, kikageuka kikawa kilio, kilio chenyewe, ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu alfajiri, na nikamwona Ramadhani ameegemeza paji la uso kwenye ubao wa jeneza analia kwa sauti mbele ya wageni wake wa kazini. Nilikuwa bado nimeishika ile nyanya. Niliibonyeza karibu na kikonyo, kwa mazoea. Ilikuwa mbichi kabisa. Nikainuka, nikaichukua mbuzi, nikawapisha.